Tochi Niliyomulikia Ungo wa Mama Mkwe

Wiki jana Mutheu alinipigia simu kuniuliza anunue tochi gani ya mwanga wa zambarau, kwa sababu ile niliyomwachia ofisini imekufa. Ni swali la dakika mbili. Nikamwambia nitamwandikia, na sasa hii ni siku ya nne niko hapa mezani. Mke wangu akipita ananiuliza kama ninaandika wosia. Namwambia ninaandika habari ya tochi. Ananitazama vile wake wa wastaafu wanavyotazama waume zao, kisha anarudi jikoni.

Basi Mutheu, na nyinyi vijana wengine mliobaki kwenye ofisi yetu ndogo ya ukaguzi wa nafaka, someni pole pole. Habari ya vyeo sina, na ya mshahara mnaijua wenyewe. Nitawaambia kuhusu tochi, na kuhusu kosa nililofanya nayo, maana hivyo viwili siwezi kuvitenganisha.

Siku yangu ya kwanza kazini Kitui, Bi Syokau, aliyekuwa mkaguzi mkubwa wetu, hakunipa mkono. Mkono mmoja ulikuwa umeshika bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchoma gunia ili utoe nafaka ya ndani kabisa. Ule mwingine ulishika blanketi jeusi. Akanirushia blanketi. Nikadhani ofisi hii watu hulala kazini.

Kumbe blanketi ndilo lilikuwa chumba chetu cha giza. Wakati huo tulikuwa na taa ya sanduku yenye tyubu ya mwanga wa zambarau ndani, nzito kama betri ya trekta, inakula betri sita kubwa. Bi Syokau alichoma magunia, akachanganya mahindi, akayaparaza kwenye kinu kidogo cha mkono hadi kila punje ikapasuka vipande vitatu vinne. Akayatandaza kwenye sinia iliyopakwa rangi nyeusi. Halafu tukajifunika blanketi, yeye na mimi na sinia, saa sita mchana.

"Hesabu mpaka sitini kwanza," akasema. "Macho yako bado yako nje kwenye jua."

Nikahesabu. Akawasha. Mwanzoni sikuona kitu. Halafu pembeni ya sinia kipande kimoja kikawaka kijani chenye manjano ndani, kama kimulimuli. Nikafurahi kama mtoto. Bi Syokau hakufurahi. Akaniambia ule mwanga si sumu yenyewe. Ni alama kwamba ukungu ule unaotengeneza sumu umepita hapo. Ukiuona, unazuia mzigo na kupeleka sampuli maabara. Usipouona, bado hujui, kwa hiyo usianze kupongeza watu.

Kila mtu wa huku kwetu anaukumbuka wakati ule watu walipokufa kwa kula mahindi ya shamba lao wenyewe. Bi Syokau alizika kaka yake na mtoto wa kaka yake katika mwezi mmoja. Aliniambia mara moja tu, tukiwa chini ya blanketi, na hakulirudia tena. Tangu hapo kila nikiparaza mahindi niliwakumbuka wale wawili. Watu hudhani hofu huisha ukizoea kazi. Yangu ilizidi kila mwaka, na sasa nimestaafu nayo.

Kuna aibu ndogo ndogo ambazo hamtaziepuka. Sokoni Kwa Vonza, mama mmoja alinikuta nimejifunika blanketi nyuma ya duka, akaita wenzake waje wamwone mgonjwa anayejifukiza. Wakaniletea majani ya mwarobaini. Na tafadhali msivae koti jeupe mkimulika. Sabuni za unga zina dawa inayofanya nguo nyeupe ing'ae buluu chini ya mwanga huo, na ule ubuluu unamwagikia sinia yote. Nilikagua msimu mzima nikiwa nimevaa shati langu jeupe la kanisani, nikishangaa kwa nini mahindi ya kila mtu yana weupe weupe.

Sasa nije kwenye kosa.

Ofisi yetu ilihudumia Kitui na Makueni, kwa hiyo tulikuwa barabarani sana. Siku moja nikiwa njiani kwenda Makindu, gari liliruka tuta, sanduku likaanguka na tyubu ikapasuka. Tyubu nyingine ilibidi iagizwe. Nikaingia dukani kwa Abdi, kijana ambaye baba yake alikuja kutoka Garissa kuuza mbuzi na mwana akaamua kuuza redio na tochi. Nikamwambia nataka tochi ya mwanga wa zambarau. Akatoa moja ndogo, nyepesi, inayoingia mfukoni. Akaiwasha. Ukuta mzima ukawa zambarau, mpaka meno yake.

"Hii ni nzuri!" nikasema.

"Nzuri kwa noti bandia," akasema Abdi. "Na kwa ng'e. Ukilala nyumba ya mawe hapa Makindu unamulika ukuta, ng'e wote wanawaka. Mafundi wa gari pia wananunua, wanatafuta mahali gesi ya AC inavuja. Wewe unataka ya nini?"

"Ya mahindi."

Akaizima. "Mahindi, mzee, sijui. Kuna daktari wa mifugo alinunua ingine hapa, iko na kioo nyeusi mbele. Hiyo lazima niagize Nairobi. Ngoja wiki mbili."

"Wiki mbili ni nyingi, Abdi. Si mwanga ni mwanga?"

"Sawa. Lakini usiseme sikukuambia."

Alikuwa ameniambia. Muuza redio alijua zaidi ya mkaguzi wa nafaka, na mkaguzi akatoka dukani akiona amepata kitu. Ilikuwa inang'aa sana! Hilo ndilo lililonidanganya. Ubavuni ilikuwa imeandikwa 395, na mimi sikujua namba hiyo ina maana gani. Nilidhani ni modeli.

Jumamosi iliyofuata nilitakiwa kukagua mahindi huko Matinyani. Kikundi cha akina mama kilikuwa kimekubali kuipa shule ya msingi ya pale mahindi ya chakula cha mchana, kwa sababu mvua ilikuwa imekosa upande wa juu na watoto walikuwa wanazimia darasani. Kikundi kilikuwa kimeweka magunia yote nyumba moja, kwa mwenyekiti wao. Na mwenyekiti wao alikuwa mama mkwe wangu.

Wakamba wenzangu hapa mmeshaguna. Kwa wengine wenu nieleze. Kwetu mtu na mama mkwe wake wana heshima yenye woga ndani yake, tunaiita nthoni. Humkaribii ovyo, humpi mkono ovyo, hukai ukimtazama machoni. Ukikutana naye njiani unajitoa pembeni. Na kuingia chumba anacholala, hilo halizungumzwi kabisa. Sasa mahindi, kwa sababu ya wezi, watu wa huku huyaweka wapi? Chumbani, kando ya kitanda.

Nilifika na bambo mkononi, nikasimama uani. Mama mkwe alikuwa ndani. Mlango wa chumba ulikuwa na pazia, na pembeni mwa pazia niliona magunia yamepangwa, yameshonwa vizuri kwa uzi wa katani. Nikaanza kusema kwamba ingefaa yatolewe nje. Akina mama wawili waliokuwepo walikuwa wazee na magunia yalikuwa mazito. Mimi peke yangu ndiye ningeweza kuyatoa, na ili kuyatoa ningelazimika kuingia. Nikabaki uani nikipangusa bambo.

Mama mkwe akaniokoa, au ndivyo nilivyodhani. Akatoka akiwa ameinamisha uso, na ungo umejaa mahindi. Alikuwa ameyapepeta na kuyachagua yeye mwenyewe, punje kwa punje, kwa sababu mkwe anakuja. Mgeni humpi kitu kibaya. Akauweka juu ya kigoda, akarudi ndani bila neno.

Nikavuta kiti chini ya upenu wa paa, mlango wazi, jua linaingia. Sikuparaza. Nani anaparaza mahindi ya ungo wa heshima? Blanketi lilibaki kwenye gari. Nikawasha tochi yangu ya Makindu, nikamulika. Mahindi yote yakawa zambarau, mazuri ajabu. Sikuona kijani. Nikachukua konzi moja la akiba kwenye bahasha, kama kawaida, nikatia sahihi karatasi. Nikanywa chai yao. Jioni ile mke wangu aliniuliza mama yake alikuwaje, nikamwambia mahindi yake ni safi. Nilisema hivyo kwa majivuno.

Jumatano asubuhi tyubu mpya ikafika. Bi Syokau akaifunga kwenye sanduku na kutafuta kitu cha kuijaribia. Bahasha yangu ilikuwa juu ya meza. Akaparaza lile konzi bila kuniuliza, tukajifunika blanketi, nikahesabu sitini kwa mazoea. Akawasha.

Sinia iliwaka mahali pengi. Sikuhitaji kuhesabu.

"Hii ni ya nani?" akauliza.

"Ya Matinyani."

"Imezuiwa?"

Nikamwambia imeliwa tangu Jumatatu. Bi Syokau akazima taa na tukabaki gizani chini ya lile blanketi. Halafu akachukua tochi yangu ya Makindu, akaimulika sinia ile ile. Zambarau tupu, kila kipande. Mwanga wa tochi yenyewe ulikuwa umeufunika ule ukijani. Akanirudishia mkononi.

"Nenda," akasema. "Nenda sasa hivi. Beba sanduku."

Nilikodi pikipiki, sanduku limefungwa nyuma, blanketi shingoni. Njia nzima nilikuwa nazungumza peke yangu. Nilikuwa nikihesabu: Jumatatu, Jumanne. Nikifika kabla ya saa saba ni siku mbili. Nikichelewa ni tatu. Yule kijana wa pikipiki alinitazama kwa kioo akadhani nimefiwa.

Nilifika isyo iko tayari. Kwa asiyejua, isyo ni mahindi mazima na maharagwe yaliyochemshwa pamoja tangu alfajiri, na harufu yake ukiwa na njaa inakuondoa akili. Watoto walikuwa kwenye mstari na sahani. Mama Kyalo, mpishi wa shule, alikuwa ameshika mwiko, ameinua kifuniko.

"Usipakue!" nikapiga kelele.

"Kwani kuna nini?"

"Mahindi ni mabaya. Yana sumu ya ukungu."

Akaniangalia juu hadi chini. "Karatasi iko pale ukutani, na sahihi ni yako. Mahindi ni ya mama mkwe wako. Sasa ubaya umetoka wapi?"

Nikamwomba aingie stoo nami dakika tano tu. Tukaparaza mahindi ya gunia lililokuwa wazi kwa jiwe, tukafunga mlango, tukajifunika blanketi. Nikawasha. Nilimwonyesha ule ukijani, nikamwambia maana yake.

"Na ya jana?" akauliza.

"Ni magunia hayo hayo, mama."

"Na ya juzi?"

"Na ya juzi."

Alitoka nje, akachota maji ndoo nzima, akazima moto mwenyewe. Halafu akaanza kumwaga isyo kwenye shimo la takataka, sufuria baada ya sufuria, huku machozi yanamtoka na hayafuti. Watoto hawakupiga kelele. Hilo ndilo bado linanisumbua. Walisimama tu kwenye mstari wakitazama chakula kikienda shimoni, kama wanaamini kitarudi.

Msichana mmoja mdogo, aliyekuwa na kikombe cha plastiki badala ya sahani, akanisogelea.

"Na wewe," akaniuliza, "umekula?"

"Sijakula," nikasema.

Nilikuwa nimekula. Asubuhi, kabla tyubu haijafika, nilikula chapati mbili kwa chai.

Majibu ya maabara yalikuja: yalikuwa yamezidi kiwango. Mahindi yote ya shule yakazikwa. Nilijiandikia ripoti mwenyewe, nikapewa barua ya onyo, ninayo mpaka leo kwenye kabati. Hakuna mtoto aliyeanguka, hakuna aliyelazwa. Niliuliza shuleni kila wiki mpaka mwalimu mkuu akaniomba niache kuwatisha wazazi. Lakini sumu hii mnaijua. Ikiwa nyingi inaua haraka. Ikiwa kiasi inakaa kwenye ini kimya, miaka, mpaka macho yageuke manjano. Nani atakwambia ilikuwa kiasi gani kwenye kila sahani?

Kwa mama mkwe nilirudi na bambo, kwa sababu magunia yaliyobaki yalikuwa yake ya kula. Nilisimama uani kama mara ya kwanza. Mke wangu alikuwa ameshamweleza yote. Alitoka, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, akanitazama usoni. Akalishika pazia akalivuta pembeni.

"Ungeingia tu," akasema.

Nikaingia. Nikachoma kila gunia kando ya kitanda chake, yeye akiwa amesimama mlangoni amegeuza uso. Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alipofariki daktari alisema ni uzee. Mimi nikamuuliza kuhusu ini, akaniangalia kama mtu anayetafuta ugomvi na serikali.

Basi, tochi. Mutheu, sikiliza. Kwa mahindi tafuta iliyoandikwa 365, maana namba hiyo ni ya aina ya mwanga, si modeli, na iwe na kile kioo cheusi mbele kinachozuia mwanga wa zambarau. Ukiiwasha dukani utaona kama imekufa, na muuzaji atakuonyesha ingine inayong'aa zaidi. Mwache aonyeshe. Ijaribu kwenye karatasi nyeupe: ikiwa mahali unapomulika panaonekana zambarau kali, hiyo si yako. Chukua yenye mwanga mpana, unaoenea kwenye sinia, si ule wa kuchoma mbali kama wa kutafuta ng'e ukutani. Kwa ng'e na noti, hiyo ya bei rahisi inatosha, usijitese. Kwa mikojo ya panya stoo inasaidia kidogo, lakini utapata panya wengi kuliko ulivyotaka kujua. Angalia betri: zile kubwa za kuchaji zina nguvu lakini stima ikipotea siku tatu utakuwa na kipande cha chuma. Mimi ningechukua inayokubali betri za kawaida za dukani. Vaa miwani, usiimulike machoni, na usimpe mtu aichezee. Blanketi liko droo ya chini. Lioshe bila sabuni ya unga.

Sasa mwisho, ambao sikukwambia siku ile.

Siku ya kuniaga, mlipokuwa mnasimulia vituko, ulisimama na soda mkononi. Ulisema umesoma Matinyani, na kwamba ukiwa darasa la tatu kuna mkaguzi mmoja alikuja kwa pikipiki na blanketi shingoni akawamwagia isyo yote. Ulisema ulienda ukamuuliza kama yeye amekula, akasema hajakula, na alikuwa na mafuta ya chapati mdomoni. Watu walicheka mpaka mwingine akamwaga soda. Wewe ulinionyesha kidole ukasema, "Ni huyu! Nimekaa naye ofisi moja miaka mitatu nikimwonea huruma kumwambia."

Nilicheka pia. Kisha nikakufuata kwenye meza ya chakula, nikakuuliza kwa sauti ya chini kama siku mbili za kwanza ulikuwa shuleni.

"Jumatatu na Jumanne? Nilikuwepo," ukasema. "Mama Kyalo alikuwa ananipenda. Alikuwa ananiongeza."

Ukaendelea kupakua pilau, mzima, unacheka na wenzako. Nilibaki nimeshika sahani tupu.

Kwa hiyo Mutheu, nikikupigia asubuhi kukuuliza umeamkaje, nikakuuliza tena mchana kama umekula vizuri, na kama macho yako hayana manjano, usinijibu haraka haraka ukidhani ni mzee amekosa kazi. Nenda kwenye kioo kwanza, utazame vizuri, halafu uniambie.